Maswali ya Wasomaji: Kaka Yupo Leicester, Nyumba Ipo Kigamboni

SWALI: Shikamoo mshauri. Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, na miaka mitatu iliyopita alichukua uraia wa huko. Sasa amenitumia fedha nimnunulie nyumba Kigamboni aipangishe. Dalali anasema tuandikishe kwa jina langu, na kaka akirudi "tutageuza jina tu." Je, hilo ni sawa? Na kodi ataipokeaje akiwa mbali? – Dada wa Tabata

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kabla ya kuitazama nyumba, tuutazame uraia, kwa sababu hapo ndipo ndugu wengi walio nje hujikwaa. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwa hiyo kaka yako, alipouchukua kwa hiari uraia wa Uingereza, aliupoteza wa Tanzania. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji unaopitia mamlaka ya uwekezaji. Ndugu wa aina hii wamefunguliwa njia nyingine na mabadiliko ya karibuni ya sheria, yaliyoanzisha hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Kaka yako aanze kwa kuuliza masharti ya hadhi hiyo ubalozini, kabla ya shilingi yoyote kutoka mkononi mwako.

Neno la dalali usilikubali. Hati ikiandikwa kwa jina lako, machoni pa sheria mwenye nyumba ni wewe, na Mungu apishe mbali, ukitangulia, nyumba itaingia kwenye mirathi yako, ambapo wanao na mumeo watakuwa na la kusema kabla ya yeye aliyetoa fedha. Ukimnunulia kwa hadaa ili kuikwepa sheria, hata mahakamani atakwenda na mikono michafu. Hali ingekuwa nyepesi zaidi kama angekuwa bado raia: angekuandikia hati ya uwakilishi, akaitia saini mbele ya mthibitishaji au ubalozi wetu, ikasajiliwa hapa, nawe ukasaini kwa niaba yake huku jina kwenye hati miliki likibaki lake.

Njia ya umiliki ikishapatikana, ukaguzi ni ule ule. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue nani ameandikwa na kama benki imeweka rehani, na uhakikishe mwenza wa muuzaji ameridhia kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya familia. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inasaidia kuwatambua watu, lakini si hati. Kisha nendeni na mpima ardhi hadi kwenye bikoni zenyewe, yaani alama za mipaka ya kiwanja; mimi binafsi muuzaji anayeniambia kwamba bikoni zipo ila majani yamezidi, humwomba panga, na wengine hapo ndipo hukumbuka kwamba wana dharura mjini. Kumbuka pia kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo anachouza mtu ni haki ya kuitumia kwa muda uliobaki, ambao hauzidi miaka 99. Uliza imebaki mingapi.

Kuhusu kupangisha, tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo pango liandikwe kwa shilingi, hata kama mpangaji ni mgeni na kaka anahesabu kwa pauni. Kodi ya mapato inafuata ukazi wala si uraia: mpangaji ambaye ni kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 15 kwa mmiliki asiye mkazi, badala ya 10 ya mkazi, na stakabadhi yake uitunze. Mkataba uandikwe hata kama mpangaji ni jirani, ukitaja akaunti ya kupokea pango, miezi inayolipwa mbele na nani anashughulikia bomba likipasuka. Kodi ya majengo siku hizi hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, maana yake mpangaji huilipa ingawa ni deni la mwenye nyumba. Andikeni kama atarudishiwa kwenye pango, la sivyo kila akinunua umeme atakupigia simu wewe.