Kompyuta Ikikosea Hospitalini, Nani Anashtakiwa?

Mama alipigwa eksirei ya kifua hospitali binafsi hapa Arusha. Programu ya akili mnemba ikasema hana kifua kikuu. Miezi miwili baadaye akakutwa nacho. Namshtaki nani? (Ngarenaro)

Pole kwa kuuguza, ndugu. Programu haishtakiwi, kisheria si mtu. Wanaoshtakiwa ni daktari aliyeidhinisha majibu na hospitali iliyomwajiri. Muuzaji wa programu huunganishwa kama kasoro ni ya bidhaa yenyewe.

Kazi ni kuonyesha kosa lilitokea wapi. Programu hizi hutoa alama za uwezekano wa kifua kikuu, na kituo ndicho huamua mgonjwa apelekwe kupima makohozi kuanzia alama ngapi. Kiwango hicho kikiwekwa juu mno, wagonjwa wa kweli hupita bila kugunduliwa. Basi ombeni kwa maandishi picha yenyewe (si karatasi ya majibu tu), alama iliyotoka, kiwango kilichotumika siku ile, toleo la programu na jina la aliyeidhinisha. Ombeni mapema: programu ikisasishwa, picha ileile inaweza kupata alama nyingine.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu hizi kwa wenye miaka 15 na zaidi, tena kwa uchunguzi wa awali. Kama mama alikuwa akikohoa zaidi ya wiki mbili na kukonda, na hakupimwa makohozi kwa kuwa "kompyuta imesema", kwetu huo ni uzembe wa kawaida, kompyuta iwepo isiwepo. Mtahitaji pia daktari wa kuthibitisha kwamba kuchelewa kule ndiko kulikomdhuru. Bila madhara, hakuna fidia.

Tulisaini fomu kwamba hospitali haitawajibika. Tumekwisha? (Majengo, Moshi)

Hapana. Mgonjwa huridhia hatari za kawaida za tiba. Uzembe haumo.

Na hospitali ikiwa ya serikali? (Pasua, Moshi)

Kwanza notisi ya siku 90 yenye maelezo ya madai, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye lazima aunganishwe kwenye shauri. Hufunguliwa Mahakama Kuu. Arusha na Moshi zote zina masjala. Ukomo wa madai ya uzembe ni miaka 3, kwa hiyo usianze kutafuta wakili mwaka wa tatu.

Mimi ni tabibu. Nikiipinga programu, kumbe ilikuwa sahihi? (Usa River)

Utapimwa kwa kiwango cha tabibu makini wa ngazi yako. Andika kwenye faili, saa ileile, ulichokiona kwa mgonjwa na kwa nini hukukubaliana nayo. Sababu zilizoandikwa baada ya malalamiko hazina uzito huo. Kuifuata kwa upofu nako hakukukingi.

Wenzangu huingiza majibu ya wagonjwa kwenye programu ya kuchati iwaandikie rufaa. Wakiondoa jina inatosha? (Sakina)

Mara nyingi haitoshi: umri, kijiji na ugonjwa adimu vinamtaja mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzipeleka kwenye kompyuta zilizo nje ya nchi kuna masharti yake. Mgonjwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kusubiri kesi.