Kabla hamjaiweka nyumba wakfu kwa ajili ya yatima

Wiki iliyopita dada mmoja wa Temeke aliniandikia. Baba yao amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita ya kupangisha, na ndugu wamekubaliana kuiweka wakfu ili kodi yake isaidie yatima. Mwishoni akagusia kwamba mdogo wao wa mwisho ana miaka 12. Jibu lake ni refu, na najua wengi mna nia kama yake, kwa hiyo naliweka hapa.

Mimi nimekuzwa na kodi ya nyumba kama hiyo. Baba alifariki nikiwa bado mdogo, tukiishi Buguruni. Jirani na msikiti palikuwa na nyumba ambayo mzee mmoja aliitoa kwa ajili ya yatima, na kila mwisho wa mwezi mama aliitwa barazani akakabidhiwa bahasha. Hazikuwa pesa nyingi. Zilitosha unga, mafuta ya taa na madaftari, na mama alijua mwezi ujao zitakuja tena. Ramadhani tuliletewa mchele pia, ila kwanza tupangwe mstari, kila mtoto na dumu la mafuta kifuani, tupigwe picha. Hadi leo nikiona picha za namna ile moyo unaniuma. Mtoto hula Rajabu na Shaabani pia, jamani.

Mzee yule akafariki. Hakuwa ameandika chochote. Warithi wakaja na leseni ya makazi yenye jina la baba yao, nyumba ikauzwa, bahasha zikakoma. Msikiti mzima ulijua ile ni wakfu, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha.

Ndiyo maana mimi na ndugu zangu tulipotoa wakfu fremu zetu mbili za maduka tulianza na karatasi. Januari hii kodi yake imewavalisha sare watoto walioingia kidato cha kwanza. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali iliondolewa 2016, lakini viatu, nauli na chakula cha mchana bado ni vya mzazi, na hao mzazi wa kuvilipia hayupo. Nilipowaona wamevaa nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake, haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Hapa Dar, hilo "haiuzwi" lazima liandikwe. Undeni bodi ya wadhamini, isajilini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), hati ihamie jina la bodi. Andikeni nani msimamizi na nani atamrithi. Andikeni pia kwamba kodi itengeneze nyumba kwanza, kisha ndiyo igawiwe. Wanazuoni wa fiqhi wamelisisitiza hilo, kwa sababu bati likivuja wapangaji wanahama na yatima hana kitu. Na narudia, andikeni.

Sasa dada yangu, nyumba ya marehemu bado si yenu kuitoa. Fungueni mirathi kwanza; hapo Temeke kuna kituo jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mambo hayo. Kila mrithi ajue fungu lake. Mtu mzima ana hiari ya kutoa lake. Huyo wa miaka 12 hana uwezo huo kisheria, na hata akisema "nimekubali, dada", kukubali kwake hakuhesabiki. Yatima wa kwanza wa nyumba hiyo ni yeye! Suratun-Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao, na kuitoa mali yake sadaka bila haki hakutufanyi wema. Fungu lake litunzwe, kodi yake iandikwe kwenye daftari, na akibaleghe na kuonyesha busara akabidhiwe mbele ya mashahidi, kama aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inavyoagiza. Akitaka kuungana nanyi, ataungana siku hiyo.

Mkimaliza mirathi niandikie tena, nikutumie nakala ya katiba ya wadhamini wetu muone vifungu tulivyoweka.