Barua kwa mwanangu: "less" na "fewer"

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini mkuu wako wa kitengo amekata "less" mara mbili katika ripoti yako ya Kiingereza. Uliandika "less complaints", akaweka "fewer complaints". Uliandika "less than five kilometres", akaweka "fewer than five kilometres". Sahihisho la kwanza likubali. La pili amekosea; "less" yako ilikuwa mahali pake.

Msingi wake unao tayari katika Kiswahili. Husemi unga mchache, unasema unga kidogo. Na wagonjwa wakipungua unasema wachache. "Fewer" inalingana na chache, "less" inalingana na kidogo, zote zikiwa katika ulinganisho. Basi "fewer" hutangulia nomino ya wingi inayohesabika: "fewer patients", "fewer chairs". "Less" hutangulia kisichohesabika: "less flour", "less noise". Pia "less" hukaa mbele ya kivumishi, kazi ambayo "fewer" haiiwezi: "less expensive". Hapo sisi hatuna neno moja. Tunasema si ghali kama kile, au ni nafuu kuliko kile.

Tunapoteleza ni pale lugha hizi mbili zinapotofautiana kuhusu kinachohesabika. Kwetu mzigo ni mmoja, mizigo ni mitatu, kifaa, vifaa. Kiingereza kinaviona "luggage", "equipment", "furniture", "information" na "advice" kama unga: havina wingi, havipokei "s". Ndiyo maana mtu anayefikiri mizigo michache huandika "fewer luggages", makosa mawili kwa mpigo. Andika "less luggage", au ukitaka kuhesabu, tafuta kitu chenye hesabu: "fewer bags". Vivyo hivyo "less furniture", lakini "fewer chairs".

Sasa kilometa. Ile "s" ya wingi ndiyo iliyomponza mkuu wako. Anayesema "less than five kilometres" hahesabu kilometa moja moja. Anataja umbali mmoja, ambao unaweza kuwa hata nne na nusu. Kitenzi chenyewe kinathibitisha: Waingereza husema "five kilometres is a long walk", si "are". Pesa, muda, umri na uzito hufuata njia hiyohiyo: "less than 200 dollars", "less than three years", "less than 50 kilos". Ila ukihesabu sarafu zenyewe mkononi, ni "fewer coins". Kwa hiyo usiangalie "s" peke yake. Jiulize kama unahesabu vitu au unapima kiasi.

Usimcheke mtu anayesema "less people" katika mazungumzo. Wazawa wa lugha wenyewe husema hivyo kila siku, na mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa Uingereza, katika karne ya 9, alitumia umbo la kale la "less" kwa maneno ya kuhesabika. Mwaka 1770 Robert Baker, katika kitabu chake kuhusu lugha ya Kiingereza, aliandika kwamba kwa idadi yeye angeona "fewer" inafaa zaidi. Yalikuwa maoni yake tu. Waliomfuata ndio walioyageuza kuwa sheria. Na wanaoishika sheria hiyo hawana mchezo: mabango ya "10 items or less" katika maduka makubwa ya Uingereza yalilalamikiwa sana, na mwaka 2008 Tesco ikaamua kuandika "Up to 10 items". Ripoti ya ofisini husomwa na watu wa aina hiyo, kwa hiyo ndani yake uishike sheria.

Kuna ndugu yao mmoja ambaye huku kwetu anatumiwa vibaya: "lesser". Hutaja kilicho kidogo kwa daraja au kwa aina, kama "lesser flamingo", yule heroe mdogo anayezaliana Ziwa Natron, akitofautishwa na mwenzake mkubwa. Haifuatwi na "than"; usiandike kamwe "lesser than". Wala usiandike "less price" au "fewer number". Bei ni "lower", idadi ni "smaller".

Katika ripoti yako, acha "fewer complaints" na urudishe "less than five kilometres". Mkuu wako akihoji, mwombe kwa heshima aijaribu sentensi yenye "is" kisha yenye "are", asikie ipi inakubali.

Mama yako