Mnana na tetere: nani hajui kujenga?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Hapa Chamwino mnana wamejaza mgunga wangu viota vilivyofumwa kama vikapu. Hatua chache tu, kwenye ua wa minyaa, tetere ametandaza vijiti vichache, mayai yanaonekana hata ukisimama chini. Jua ni lile lile. Hivi joto ndilo linaloamua wajenge vipi? Na huyu tetere nimfunike kwa kipande cha bati?

JIBU: Marahaba. Tuanze na yai lenyewe. Linataka nyuzijoto 37 hivi. Likipoa kidogo huvumilia, ukuaji unachelewa tu. Likikaa juu ya 41, kinda hufia ndani. Kwa hiyo hapa Dodoma jua la saa nane mchana mwezi Oktoba ni hatari kuliko usiku wa Julai.

Okota kiota cha mnana kilichoanguka, ukifumue taratibu. Nje ni nyuzi za majani mabichi (ndiyo maana hungoja mvua, majani makavu hayafumiki). Chini ya paa utakuta vipande vya majani mapana vimepachikwa kimoja juu ya kingine. Hiyo ni dari, kazi ya dume, inakinga jua na mvua. Ndani kabisa jike hutandika nyasi laini na manyoya. Mara nyingi halijoto hujionyesha kwenye matandiko hayo. Kuna ndege mdogo wa Uingereza mwenye mkia mrefu ambaye viota vyake vya mwanzo wa msimu, baridi ikiwa bado kali, hujaa manyoya. Joto likiongezeka, naye hupunguza.

Ila tusilipe joto sifa zote. Ule mlango wa mnana unaotazama chini, mimi nauhesabia kuwa kinga dhidi ya nyoka kwanza.

Tetere hana dari kwa sababu dari ni yeye mwenyewe. Dume hulalia mchana, jike usiku, yai haliachwi juani. Ukimwona amesimama juu ya mayai, mbawa kazitanua, anaweka kivuli. Nafasi kati ya vijiti hupitisha hewa.

Bati usiweke! Likishika jua litageuka tanuri, na huenda wazazi wakasusa. La maana zaidi, usipunguze minyaa sasa: mayai huchukua wiki mbili hivi kuanguliwa, na makinda karibu wiki mbili nyingine kuruka.