Mwanangu anashinda akiuza duka: anasoma au anacheza?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka mitano na yuko darasa la awali katika shule ya kulipia hapa Morogoro. Tangu muhula uanze, kila nikifungua begi lake nakuta daftari halijaguswa, na nikimuuliza wamesoma nini ananijibu kwamba alikuwa anauza duka, au alikuwa daktari. Mtoto wa jirani, aliye shule nyingine, ameshaandika namba mpaka 50. Sasa mwalimu wao ametuagiza makopo matupu, vizibo vya soda na kanga kuukuu. Je, huyu anafundisha, au amechoka kazi?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Swali lako ni la haki, na sitalijibu kwa kukuambia tu kwamba watoto hujifunza kwa michezo, kwani kauli hiyo imegeuka kichaka cha walimu wanaowaachia watoto uwanja, wenyewe wakakaa kivulini na simu.

Nilipokuwa nafundisha awali, kona yangu ya duka, yaani sehemu ya darasa niliyoitenga kwa mchezo huo, ilikuwa na meza fupi, makopo, na mizani niliyoitengeneza kwa henga na vifuniko viwili vya ndoo. Kila kizibo kilikuwa shilingi mia. Siku moja mteja alitaka sukari robo, ambayo muuzaji alikuwa ameipangia bei ya vizibo saba, lakini mteja mkononi alikuwa na vitano tu. Muuzaji, binti wa miaka mitano, alivihesabu mara mbili, akafikiri, kisha akaniomba karatasi kwa sababu, alisema, duka lake halina daftari la madeni. Akachora vijiti viwili, na mbele yake alama iliyofanana na herufi M, ndiyo herufi ya kwanza ya jina la mdaiwa. Hakuna aliyemwambia atoe tano kwenye saba, wala aandike. Deni ndilo lililomlazimisha.

Angalia kilichofanyika hapo. Mtoto aliyekubali kwamba kizibo kinasimama badala ya shilingi mia ameshaingia katika siri ileile inayofanya alama "7" isimame badala ya vitu saba, na herufi isimame badala ya sauti. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, alilieleza jambo hili katika mhadhara wa mwaka 1933, akitoa mfano wa mtoto anayepanda fimbo na kuifanya farasi: maana huanza kutengana na kitu chenyewe. Alieleza pia kwamba mchezo wa aina hii una kanuni zake, na mtoto huzitii kwa hiari yake. Nimeyaona hayo kwenye kona yetu ya zahanati, ambako vidonge vilikuwa karanga. "Daktari" aliyekuwa hawezi kutulia dakika mbili kwenye mkeka alizigawa zote kwa wagonjwa bila kuonja hata moja, maana dawa si yake.

Hata hivyo, kona haifundishi yenyewe. Mwalimu makini husikiliza kwa mbali, na mchezo ukianza kufifia huingia akiwa mhusika: huja kama mteja mwenye haraka, anauliza bei, anadai chenji. Akiingia mapema mno anauua mchezo, na asipoingia kabisa watoto wataishia kugombania kanga.

Mitaala ya awali nchini inazitambua kona za ujifunzaji, kwa hiyo kuwapo kwake si ubunifu wa mwalimu wenu. La kuchunguza ni zinavyotumika. Nimewahi kuingia darasani nikakuta vifaa vya kona ya nyumbani bado vimefungwa kwenye nailoni, vikiwasubiri wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule. Nenda ukaone kama makopo yamechakaa, kama bei zimeandikwa kwa mikono ya watoto, na kama duka la mwezi uliopita limegeuka kituo cha basi au saluni. Jioni usimuulize mwanao "mmesoma nini"; muulize aliuza nini, nani alikopa, na kwa nini waligombana. Akikusimulia kwa mpangilio, hiyo ni lugha inakua. Ikiwa wiki tatu mfululizo hana la kusimulia, basi mwalimu ana maswali ya kujibu, na usione haya kuyauliza.

Kuhusu mtoto wa jirani, siwezi kumpima nikiwa mbali. Mwombe akuletee vijiko saba kutoka jikoni. Wapo wanaoandika mpaka 50 kwa kunakili ubaoni, na vijiko saba vikawashinda.

Makopo peleka, lakini uyaoshe na uepuke yenye kingo kali. Chupa za dawa halisi usipeleke hata zikiwa tupu. Kanga, ukipata mbili, peleka zote mbili. Moja itachanika kabla ya Ijumaa.