Faili Lililobadilika, Git Inasema Halijabadilika

SWALI: Tuko watatu hapa Mwanza, tunatengeneza programu ya kurekodi uzito wa sangara na dagaa wanaoshushwa Mwaloni, Kirumba. Faili mizani.ini, tunaloshirikiana kupitia Git (programu ya kutunza matoleo ya faili), lina poti ya mizani, yaani mlango wa kompyuta inapounganishwa: kwangu COM3, kwa mwenzangu COM5. Mwongozo wetu unasema tu "weka assume-unchanged". Mwenzetu mpya ameweka, lakini alipovuta mabadiliko Git iligoma, huku git status ikidai hakuna kilichobadilika. Tuuandikeje upya?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Ndugu msomaji, mstari huo uondoeni. Assume-unchanged ni ahadi kwa Git kwamba hutaligusa faili, ili isihangaike kulikagua kwenye diski ya polepole. Ninyi mnaligusa. Mmoja akituma toleo jipya la faili hilo, Git inakataa kufuta mabadiliko ya mwingine, na status haionyeshi kitu kwa sababu imeambiwa isitazame. Skip-worktree, alama nyingine inayofanana nayo, ilitengenezwa kwa wanaofungua sehemu tu ya repo (hifadhi ya mradi). Maelezo rasmi ya Git yanashauri zote mbili zisitumike kwa kazi hii.

Mwongozo uanze na git ls-files mizani.ini. Jina likitokea, faili linafuatiliwa na Git, na hapo .gitignore wala .git/info/exclude (orodha za faili za kupuuzwa) haisaidii kitu. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo pawekeni juu kabisa.

Kisha kila mmoja apige git ls-files -v: herufi ndogo h ni assume-unchanged, S ni skip-worktree. Aondoe alama kwa git update-index --no-assume-unchanged mizani.ini (au --no-skip-worktree), anakili faili lake nje ya repo, halafu git restore mizani.ini.

Mmoja wenu atengeneze mizani.mfano.ini, faili la mfano tu, apige git rm --cached mizani.ini ili Git iache kulifuatilia faili halisi, aandike /mizani.ini ndani ya .gitignore, afanye komiti (ahifadhi mabadiliko kwenye historia) na kutuma. Onyo hili liandikwe kwa herufi nzito: wengine wakivuta, mizani.ini itafutika kwenye kompyuta zao. Ndiyo maana ya ile nakala. Wairudishe baada ya kuvuta. Na kama faili liliwahi kubeba nywila, ibadilisheni, maana historia bado inayo.

.git/info/exclude iacheni kwa vitu vya mtu binafsi, kama daftari lake la majaribio. Haitumwi kwa wengine, na ukiikloni (ukiinakili) repo upya unaanza bila kanuni zako.

Kwa kukagua: git check-ignore -v mizani.ini hutaja faili na mstari wa kanuni inayolizuia. Ikikaa kimya, ama kanuni haipo, ama faili bado linafuatiliwa.