Ramani inayojifanya kitabu kwenye katalogi

Dada wa Kisumu, umeuliza kwa nini katika Koha yenu, programu ya katalogi ya maktaba, ramani ya Ziwa Viktoria inatoka na alama ya kitabu, na kwa nini DVD moja ina neno la aina yake kwenye mabano baada ya jina, nyingine haina. Hayo ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja.

Fungua rekodi ya ramani utazame lida, ule mstari wa juu kabisa, nafasi ya 06. Naweka dau utakuta "a", yaani maandishi. Kuna mtu alinakili rekodi ya kitabu akabadilisha jina tu. (Hata mimi nimewahi, Ijumaa jioni, akili ikiwa tayari stendi ya matatu.) Ramani iliyochapishwa ni "e", filamu "g", sauti isiyo muziki "i", sauti ya muziki "j". Alama hufuata herufi hiyo.

Lile neno la mabano limo kwenye tagi 245, sehemu ya rekodi inayobeba jina, katika kijisehemu h; ni desturi ya zamani. Kwa kanuni za RDA za kuorodhesha vitu vya maktaba, zilizotoka 2010, kazi hiyo hufanywa na tagi 336, 337 na 338: yaliyomo, kifaa kinachohitajika, na umbo lenyewe. Zijazeni kwa kila kitu, vitabu pia. Ila msifute h kabla ya kuzijaza. Sisi Nakuru tulianza kwa kufuta, wasomaji wakawa wanakuja kaunta kuomba "kitabu", wanapewa diski.

Mwonekano wa ukurasa msiuguse kwanza. Anzeni na ramani, najua ni chache.